Mkungu wa Nyandeng

Cynthia mwanangu,

Huku Nyakoe mvua imerudi na majani chai yamechipua. Macho ya baba yako hayajapona, kwa hivyo barua yako nilimsomea mimi. Nilisoma pale unaposema ile nchi iliyokuwa ikisaidia kambi ya wakimbizi imejitoa, na maziwa ya wagonjwa wako wadogo yakaisha. Pale unaposema mmoja wao, Nyandeng, alifariki, nikaparuka bila kumsomea.

Sikuweza. Tangu ulipomwambia kwamba mtoto huyo hajawahi kuona mgomba, baba yako amekuwa akimtunzia mkungu mmoja, akauwekea mti usianguke.

Leo ameukata ukiwa mbichi, usije ukaivia njiani. Amekaa nao mlangoni, ananiuliza basi la kambini linaondoka saa ngapi.

Ni mimi mama yako,
Bitutu