Filimbi ya Bwana Afya

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu kutoka huku kilimani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto. Sisi hatujambo. Presha ya Mama imeshuka. Kula anakula, kugomba anagomba, kwa hiyo ujue ni mzima. Cherehani yangu nayo haijalala, ila wiki hii nimeshona ovyo mpaka mteja mmoja akaniuliza kama lile gauni ni lake au la adui yake.

Najua umeshangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu ungenitania, na ukinitania huwa nacheka. Leo sitaki kucheka.

Unakumbuka mkutano uliouitisha sebuleni kwa Mama, baada ya yule nyani dume kuingia jikoni kwa jirani yetu Nesi na kuondoka na sufuria nzima? Majirani walitaka sumu. Ukasimama ukawaambia kwamba nyani hawakutufuata, sisi ndio tuliowafuata kwao tukajenga, kwa hiyo adabu ianze kwetu. Mapipa ya taka yafungwe, matunda yachumwe yakiiva, madirisha yawekwe wavu, na mtu asithubutu kuwatupia hata ganda la ndizi. Ukagawa filimbi kila nyumba: akionekana nyani tupulize, tusimame mbali, arudi msituni bila kupigwa jiwe. Weee, nilivimba kichwa siku ile! Nilitembea mtaani kama mimi ndiye niliyehutubia.

Na ilifanya kazi. Yule dume tukamwita Bwana Afya, kwa jinsi alivyokagua mapipa moja baada ya jingine, akiyakuta yamefungwa anaondoka amenuna. Mama alikuwa akimtazama dirishani na kumpa pole kwamba leo pia ameambulia patupu.

Mara mambo yakageuka. Tukipuliza, Bwana Afya hakimbii, anakuja. Tena anakuja mbio! Nesi akasema kuna mtu anamlisha. Nikamjia juu, nikamwambia labda ni yeye mwenyewe, maana kwetu sisi tulioleta hizo filimbi haiwezekani. Maafisa wa wanyamapori wakaja wakatuonya kwamba nyani aliyezoeshwa chakula cha watu hazoei tena maisha ya porini, na huyu akiingia tena kwenye nyumba ya mtu watampiga risasi. Tangu hapo Mama akawa anazunguka na mkongojo wake, anakagua makomeo yetu mwenyewe, ili Bwana Afya, mzee mwenzake, asije akaponzwa na uzembe wetu.

Jumanne iliyopita nilimwona Bwana Afya juu ya ukuta unaotutenganisha na ile nyumba yako unayopangisha wageni. Mlango wetu wa jikoni ulikuwa wazi, Mama yumo ndani anachambua mchele. Nikapuliza kwa nguvu zangu zote. Akaruka, akanipita kama sipo, akaingia. Nesi alipoona akapiga yowe na kuwapigia maafisa. Nilimkuta Bwana Afya amekaa sakafuni mbele ya Mama. Hakuwa amegusa kitu, Kaka. Alikuwa amenyoosha mkono tu, anasubiri apewe.

Maafisa walipofika waliniambia nipulize tena, nimtoe nje. Nikapuliza. Akanifuata hadi uani, na hapo hapo uani wakamuua.

Kesho yake mgeni wako mmoja akabisha hodi, mstaarabu kabisa, kamera shingoni. Aliuliza kwa nini yule nyani wa filimbi haji leo, maana ameahidiwa kumlisha ndizi kwa mkono wake. Nikavuka kwako kumwita mpishi wako, naye akaanza kulia kabla sijamuuliza. Amesema ni wewe uliyeagiza, tangu mwezi ule ule wa mkutano: chai ya asubuhi ikiwa mezani apulize filimbi, nyani waje barazani, wageni wapige picha. Alipokukumbusha makubaliano yetu, ulimjibu kwamba hayo ni ya majirani.

Ya majirani! Na mimi ni nani kwako? Na Mama, ambaye angeweza kuraruliwa jikoni kwake? Ulitusimamisha sote pale sebuleni tukuahidi, na wewe mfukoni una filimbi yako nyingine. Nilikwenda kumwomba Nesi msamaha. Alinipokea vizuri, ila akauliza kama ulijua maonyo ya maafisa. Nikamwambia ulijua, kwa sababu ni mimi niliyekupigia simu kukueleza, nawe ukaniambia nisiwe na wasiwasi. Umeniumiza, Kaka. Sijawahi kuumizwa hivi na mtu ninayempenda.

Mpishi wako ameacha kazi, usimtafute. Filimbi yangu nimeitia humu ndani ya bahasha, ni ya kwako.

Nisalimie wifi na watoto, wao hawana kosa. Nilimuuliza Mama kama ana neno la kukutumia. Alikwenda kufunga dirisha linalotazama nyumba yako, akakagua komeo lake.

Mimi mdogo wako,
Fundi