Bibi na Hamamu ya Warumi

Ain Sfaya, 4 Juni 1988

Baba mpenzi,

Asalaam aleikum. Sisi hatujambo, ila goti la Bibi, unalijua. Kifua chako je, na baridi ya Lyon?

Baba, wachimbaji wa mambo ya kale kutoka Tunis wamerudi kwenye shamba la shayiri la Ami Lazhar. Chini ya nyumba za Waislamu wa kale wamekuta hamamu ya Warumi, nyumba yao ya kuogea, na sakafuni mna samaki wa vijiwe vya rangi. Mkuu wao, Bi Faika, anatafuta wasichana wa kuosha vigae. Aliponiuliza nilitazama viatu vyangu tu, lakini moyo ulishakubali. Tangu nimalize shule sijatamani kitu namna hii. Naomba ruhusa yako.

Binti yako, Dalenda

Lyon, 19 Juni

Binti yangu,

Waaleikum salaam. Kifua kimepoa, alhamdulillahi. Msalimie mama yangu, umkande goti.

Huko shambani kuna wanaume nisiowajua. Mama akikubali kukaa nawe toka asubuhi hadi jioni, nenda. Asipokubali, shauri limekwisha.

Baba yako

Ain Sfaya, 28 Julai

Baba mpenzi,

Asalaam aleikum. U mzima? Sisi wazima, hata goti.

Nilipomsomea barua yako, Bibi alisema, "Baba yako anajua sitoki hata kwenda harusini. Kanitega. Lete viatu vyangu."

Tukampandisha punda. Mwanzoni alikaa ukingoni mwa shimo akiwakodolea macho vijana, wakawa wananipa ndoo huku wameinamisha vichwa. Halafu akaona naosha vigae kama ninayeogopa maji, akashuka mwenyewe. Sasa anawafokea Warumi kwa kuvunja sahani nyingi hivyo. Jana alimwambia Bi Faika kwamba hamamu isiyo na pa kutundika taulo lazima ilijengwa na mwanamume. Bi Faika alicheka hadi akakaa chini.

Nami nimepewa brashi. Nimefukua jicho la samaki, nikawaeleza wageni kwa mdomo wangu mwenyewe.

Wanataka nibaki nao hadi msimu wa zeituni. Bibi amekubali. Lakini bila neno lako, Baba, sitabaki.

Binti yako, Dalenda

Nyumbani, 14 Agosti

Binti yangu,

Salaam. Mimi mzima, ila nina njaa. Nimepata likizo, nikaja kimyakimya niwashtue. Nimekuta mlango umefungwa. Nimekaa kizingitini na masanduku yangu, kuku wananitazama kama mgeni. Jirani yetu Wasila ananicheka, anasema mama siku hizi hapiki mchana, mnakula hukohuko shimoni. Nimempa karatasi hii akuletee.

Kuhusu zeituni: baki. Mama akishakubali, mimi ni nani?

Ila muulize, kwa adabu, kama nami ananiruhusu kuja.

Baba yako