Mama, Mirihi na Kaburi la Bombolulu

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini wewe ndiwe uliyenifunza kutompita mkubwa bila salamu.

Sisi hatujambo. Mchicha wako umeota tena nyuma ya jiko, kisima kingali na chumvi. Rukia wangu naye angali na wazimu wake wa Mirihi. Jana alinieleza tena jinsi sayari ile inavyoweza kukalika: waipashe joto, waiyeyushe barafu yake, wauoshe udongo wenye chumvi za sumu, kisha wapande mimea ya kutengeneza hewa. Kazi ya vizazi na vizazi, asema, na wataalamu wengine wanaamini haiwezekani kabisa.

Nikaikumbuka siku ile mlipoinamia simu moja, wewe na mjukuu wako, nawe ukimshinda kwa maswali. Ukosefu wa hewa haukukushughulisha. Baridi ukasema watu watavaa. Ukauliza tu, "Wakifa je, watazikwa huko huko au watarudishwa?" Rukia akaipekua simu. Ukasema, "Basi hapajakalika. Mahali huwa pako ukishazika. Hata sisi hapa Bombolulu ni wapangaji tu, miaka yote hii. Mimi nizikeni hapa, mpate kwenu." Tukacheka sote, na wewe ukacheka kutushinda.

Ulipofariki, Kaka Omari alipiga simu kutoka Vanga, akataka uzikwe huko karibu na wazazi wako. Nikamwambia hapana, Mama ameusia. Akauliza uliusia lini, mbele ya nani. Nami kwa ujinga wangu nikamweleza yote, Mirihi na kila kitu. "Wamzika mama kwa maneno ya sayari?" akaniuliza. Mtoto wa kike, tena kitinda mimba, kumpinga mkubwa wake siku ya msiba! Lakini alipofika kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa, na maiti haicheleweshwi. Akashuka kaburini akakupokea, kama impasavyo mwana. Baada ya hitima akaondoka bila kuniaga.

Hakunipigia simu tena. Niliumia, Mama. Kila Ijumaa wanaume walipokwenda kuzuru makaburi, nilijiuliza kama nimekutenga na watu wako kwa sababu ya mzaha. Labda ulikuwa ukitania tu. Nimwulize nani? Uko peke yako pale, hakuna hata jamaa mmoja aliyelala karibu nawe. Nikawaonea huruma hata hao wa Mirihi ambao hawajazaliwa.

Ijumaa iliyopita Omari akaja. Hakunipa habari. Alichukua kopo lenye mche wa mrehani alioung'oa Vanga pamoja na udongo wake, akaenda moja kwa moja kuupanda kaburini kwako. Alipofika kwangu magoti yake yalikuwa na vumbi na mikono yanukia. Nikampa maji, akanywa akayamaliza. Nikangoja anikaripie.

Akasema Idd hii hatutakutana Vanga kama zamani. Atakuja yeye huku, na watoto wote.

"Lazima wapajue kwao," akasema.

Nililia mbele yake, Mama, naye akajifanya haoni.

Basi pumzika. Nakuahidi chumba chako nitakipaka chokaa kabla ya Idd, wajukuu wako walale humo. Na Omari akitaka kunisema, nitamwacha aseme mpaka achoke.

Kwaheri, Mama.

Mwanao,
Mwanahamisi