Kifaa cha Kuomba Uokoaji Kimekaa Altareni

Mama Emiliana, shikamoo. Mimi ni Notburga, mke wa mvuvi huku mwambao wa Nyasa, na nyumbani kwangu kumetokea jambo kubwa, hata leo nikilifikiria nywele zinanisimama. Mwezi uliopita upepo wa mwera uliipindua boti ya mume wangu Salvatory mbali kabisa na nchi kavu, simu ikalowa ikafa, akabaki ameng'ang'ania ubavu wa boti, ndipo akakumbuka kile kifaa cha njano cha kuomba uokoaji alichonunuliwa na kaka yangu Xaveri, mkulima wa kahawa kule Matiri, akakunjua antena, akabonyeza, taa ikaanza kuwakawaka, na Mama, hebu niambie, kitu kinachoenea kiganjani kinaongeaje na setilaiti huko juu, maana Xaveri akiwa anaanika kahawa alipigiwa simu na mtu asiyemjua wa kituo cha uokoaji, "Boti ya Salvatory iko ziwani leo?" akatupigia sisi, wanaume wakaelekezwa mahali penyewe, wakamkuta hai! Kanisani tuliimba huku tunalia. Sasa mama mkwe, Mama Hedwiga, amekizungushia kifaa rozari, amekiweka altareni pale sebuleni kando ya Bikira Maria, majirani wanakuja kusali na kukigusagusa, anasema kilichotenda muujiza hakirudishwi kwenye boti inayonuka samaki, na Salvatory anamkubalia mama yake, tena anaogopa, eti haifai kuisumbua mbingu tena, basi kila siku anaingia ziwani mikono mitupu. Mimi sina usingizi. Je, nikikitoa altareni nitakuwa nimekufuru?

NOTBURGA

Marahaba, mwanangu. Hata mimi mwili umenisisimka. Kilio cha mtu mmoja majini kipae juu ya mawingu, kishuke hadi kwenye kahawa ya Matiri! Mshukuruni Mungu, wala msichoke.

Lakini jamani, mmepewa msaada mkaugeuza pambo? Hutakuwa umekufuru hata kidogo. Kitoe, ila usikiibe. Ongea kwanza na mama mkwe kwa heshima, na akisitasita, mwombeni padre aje aibariki boti pamoja na kifaa chake. Rozari ibaki kwa Bikira.

Halafu nisikilize vizuri. Kifaa kikishatumika, betri hubadilishwa kwa muuzaji. Hiyo iliyomo msiitegemee. Majirani wakome kukigusa, maana antena ikikunjuliwa hovyo waokoaji watahangaikia sebule yenu wakati mwenzenu anazama kwingine. Kukipima kuna kitufe chake. Kwenye usajili wa kifaa, palipoandikwa namba ya Xaveri, ongezeni na yako, kwa sababu siku nyingine Xaveri atakuwa shambani hana mtandao. Na mkija kununua kingine, chagueni kinachoelea na kinachotuma mahali kilipo kwa usahihi zaidi, msivutwe na taa tu. Kikae kwenye jaketi la kuokolea alilovaa Salvatory, siyo chini ya nyavu. Kabla ya hapo asiingie ziwani, na wewe usione haya kumzuia.

Mama mkwe naye mwambie nimesema hivi: mbingu inasikia, sibishi, ila kifaa hakijibonyezi chenyewe. Boti ikipinduka tena, wewe Mama Hedwiga utakuwa umepiga magoti mbele ya kifaa hicho ukimlilia mwanao arudi, nacho kitakuwa kinakutazama, kimya.