Damu Niliyompa Mwanasha

Maramba, Ijumaa

Dada yangu Zuhura,

Shikamoo. Je, kifua cha Mama kimepoa? Na karafuu mmeshazianika, au mvua ingali inawachezea? Mimi mwili sina neno, ila upweke umenikaba. Nina jambo la kukuomba, kwa hiyo soma peke yako kwanza.

Kazi yangu ya maabara unaijua: kuwatoa watoto damu na kuipima. Kwa ajili hiyo watu wa hapa hunisalimia kwa mbali, utadhani natembea na sindano mfukoni. Mwaka wa tatu huu nala peke yangu. Aliyenijali ni jirani mmoja tu, Mwanaidi, mjane mwenye mtoto mmoja. Ramadhani nzima aliniletea kibakuli cha tambi, anakiweka kizingitini na kuondoka. Nilianza kukingoja tangu saa nne asubuhi, Dada, usinicheke.

Nilikuwa nimekata shauri niwaandikie mje kuniposea Mwanaidi. Mara mwanawe, Mwanasha, akashikwa na malaria. Alipoletwa wodini viganja vilikuwa vyeupe, anahema mbiombio, damu imemwisha. Ya mama yake haikupatana na yake, ya bibi yake mzaa mama ilikuwa haba. Yangu ilifaa, nikatoa. Hata glavu zilibidi zinunuliwe dukani. Siku hizi maduka yana kila kitu, hospitali haina.

Kesho yake mtoto akaomba uji. Bibi akaniuliza mbona binamu yake Mwanasha, anayelala naye mkeka mmoja, alipata homa ya siku tatu tu akapona. Nami kwa kuringia elimu nikamweleza kwamba hilo ndilo wataalamu wa utafiti wanalotafuta katika damu ninayowapelekea. Mwilini mna maagizo tuliyorithi kwa wazazi. Malaria ikiingia, kwa mtoto mmoja maagizo hayo huiamsha kinga kwa kiasi. Kwa mwingine kinga hupandwa na hasira, ikaiharibu hata damu yake yenyewe.

"Kumbe urithi umo damuni?"

"Umo, Bibi."

"Basi wako umo kwa mjukuu wangu. Kunyonya ziwa moja tu kwawafanya watu ndugu, seuze damu? Tangu leo wewe mwanangu, kaka yake Mwanaidi."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Jioni akaja na sinia la wali, tukala pamoja. Nikamwambia damu ya kuongezewa haikai, miezi michache tu imekwisha yote.

"Undugu hauishi kama dawa, mwanangu," akasema, akaniongezea mchuzi.

Sasa mtaa mzima wanisalimia. Mwanaidi ananiita kaka, na akitamka huangalia chini. Chakula analeta Bibi mwenyewe. Miaka mitatu nilitamani mtu aniite ndugu. Nimeitwa, na sijapata kuwa mpweke hivi.

Niulizie kwa Ami, kwa kuwa ni maalim: je, damu yaharamisha ndoa kama ziwa? Nijuavyo mimi haiharamishi, lakini Bibi hataki neno la mtu wa maabara. Usimtaje Mwanaidi kwa jina.

Mpe Mama shikamoo zangu, na shemeji mkono wangu, na watoto wako uwabusu. Ami akisema inafaa, mpe barua mtu wa kwanza anayevuka kuja Tanga. Akisema haifai, Dada, usifanye haraka.

Nduguyo wa tumbo moja,
Hamadi