Mama mukwe amesukuma kamio yangu

Elie, haya itaniua. Mama mukwe amesukuma kamio yangu, lori zima. Mama yake Claire mwenyewe! Mimi niko nimeshika usukani!

Kamio iliyomubeba toka Kalima ilizama ku potopoto, matope mazito ya njiani. Claire akanituma. Nikajisifu: usiogope, kazi yangu njo kuvuta.

Unakumbuka ile mipira mipya ya magurudumu? Uliniambia nichukue yenye meno makubwa. Mimi nikachagua ya kung'aa, ya lami. Lami iko wapi huku kwetu, Elie? Na tukainywea bia pale Kasuku kama vile nimezaa mutoto!

Nikafunga kamba, nikakanyaga. Mipira ikazunguka tu. Nikazama kuliko wao.

Kuangalia kwa kioo: mama mukwe! Amevua viatu, amekaza kitenge, anasukuma pamoja na wasafiri. Mukwe ambaye hata machoni simuangaliaka!

Walipomaliza kunitoa, Claire akamupigia simu: "Mama, bwana yangu amewavuta?"

Kamio yao ingali imezama nyuma yetu. Mama, potopoto mpaka magotini, akajibu polepole: "Ametuvuta vizuri sana, mwanangu."

Elie, afadhali angenitukana.