Rula ya Jasson

Nyakakika, 2 Desemba 2023

Mwanangu Cleophace,

Hujambo na wa nyumbani? Ng'ombe wanapata majani? Huku tu wazima, ila goti langu lina maneno yake.

Nimesikia mwanao Ainebyona amefaulu kwenda sekondari na wewe umekataa. Eti umesema watoto wako hawana kichwa cha shule. Maneno hayo niliyasema mimi, juu yako, nilipokuwa mwalimu wako darasa la sita, mwaka 1996. Ningepiga simu, lakini naogopa kuisikia sauti yako.

Siku ile ulitaka rula ya mwenzako Jasson. Ukamwambia kwa Kiingereza, "Lend me your ruler." Nikakuchapa, nikasema sahihi ni "borrow me", nikawaimbisha darasa zima. Kwetu anayetoa na anayepokea wote wanaazima, nikadhani na Kiingereza ni hivyo hivyo. Jioni nikafungua kamusi. "Lend" ni kumpa mtu kitu akurudishie, "borrow" ni kukichukua wewe. Ulikuwa sahihi. Kesho yake nikaingia darasani, nikakuona umekaa nyuma, nikafundisha somo jingine. Wiki ya pili ukaacha shule.

Nimekukosea, mwanangu. Mwache mtoto asome.

Baba yako mdogo,
Aristides

Mabira, 10 Desemba 2023

Baba mdogo, shikamoo.

Sisi hatujambo. Pole na goti.

Barua nimeisoma mara tatu. Kukosea si kitu, hata ng'ombe hukosea njia ya mtoni. Kinachoniuma ni ile kesho yake. Ulijua, ukanyamaza miaka ishirini na saba. Harusini kwangu ulikuja, ukala, ukanyamaza. Mpaka leo Mabira nzima naitwa Lendi, na ng'ombe wangu ni ng'ombe wa Lendi. Niliamini nina kichwa cha jiwe, nikamwonea huruma mwanangu asije akaaibishwa kama mimi.

Fimbo ilikuwa mbele ya watu. Basi Jumapili, tarehe 17, njoo kanisani kwetu, baada ya ibada useme mbele ya watu. Jasson atakuwepo. Ainebyona anataka alisikie kwako, si kwangu.

Mwanao,
Cleophace

Nyakakika, 16 Desemba 2023

Mwanangu,

Salamu nyingi kwenu nyote. Goti limevimba, safari ya bodaboda sitaiweza. Tupange baada ya mwaka mpya. Nawaombea heri.

Baba yako mdogo,
Aristides

Mabira, 18 Desemba 2023

Baba mdogo, shikamoo.

Huku hatujambo. Barua yako ilifika jana asubuhi. Dereva wa bodaboda aliyeileta anasema alikukuta shambani unakata majani makavu ya migomba. Sikumwambia mtu.

Tulikuwa tumeshakuwekea kiti mbele, na kahawa ya kutafuna ya kumpokea mgeni. Watu walipoanza kuondoka, Ainebyona akasimama, akatoa ile barua yako ya kwanza, akaisoma yote, na kesho yake ikiwemo. Sauti haikumtetemeka. Jasson alilia, mtu mzima yule.

Januari anaanza shule. Hilo limetokana na barua yako, na nashukuru.

Jina hawajaniondolea. Wakiita Lendi, sasa naitika.

Kahawa yako tumeirudisha kwenye kikapu. La fimbo nimekusamehe, baba, hata la kamusi. La jana bado.

Mwanao,
Cleophace